Mkoani, Chake au Wete: mke na mume walale mji gani wakizunguka Pemba kwa gari

Pemba haina tambarare ndefu kama za Unguja. Ukitoka tu bandarini Mkoani barabara inaanza kupanda, na kuanzia hapo ni kilima, bonde la mpunga, kilima tena. Miji yake mitatu mikubwa yote imejengwa kwenye mteremko unaoshuka majini: Mkoani kusini, Chake Chake katikati, Wete kaskazini. Kutoka Mkoani hadi Wete ni takriban kilomita 60 na Chake iko karibu nusu ya njia, hivyo wengi wanaopanga safari ya wawili husema mji wowote utafaa maadamu gari lipo.

Hautafaa wowote, na sababu yake ni usiku. Jua Pemba huzama kati ya saa 12 na robo na saa 12 na dakika 40 za jioni, kutegemea mwezi. Baada ya hapo barabara za nje ya miji hazina taa, watu wanatoka misikitini wakitembea ukingoni mwa lami, baiskeli hazina taa ya nyuma, na ng'ombe huachwa wamefungwa hatua mbili kutoka njiani. Kona za Pemba zimejificha nyuma ya vilima, kwa hiyo taa za gari lako zinamulika migomba mpaka dakika ya mwisho. Mwenye akili hupaki kabla ya magharibi. Kwa hiyo mji mtakaolala ndio unaoamua jua mtalitazama likizama wapi, chakula cha usiku mtakula nini, na asubuhi mtakuwa karibu na kitu gani. Mchana mnaweza kwenda kokote.

Tumeilinganisha miji hii kwa mambo haya: urahisi wa kufika na kuondoka, vilima vyenyewe na gari, bahari, matembezi yaliyo karibu, chakula cha usiku, kulala na faragha, na huduma za lazima. Bei hatukuziweka kwa sababu hubadilika kila msimu. Ulizeni kwa simu siku mbili tatu kabla ya kuondoka.

Kufika na kuondoka

Mkoani ndiyo bandari kuu ya abiria. Meli na boti kutoka Unguja hutia nanga hapo, na zile kubwa hupakia na magari. Mkitaka kuvuka na gari lenu wenyewe, nafasi ya gari huwekwa mapema na kadi ya gari iwe mkononi, kwa sababu sehemu ya magari hujaa kabla ya viti vya abiria, hasa kuelekea sikukuu. Mkishuka Mkoani mmeshafika: nyumba za wageni ziko juu ya kilima hicho hicho. Chake ni takriban kilomita 30 mbele, Wete takriban 60.

Chake inashinda kwa ndege. Uwanja wa ndege wa Pemba uko kilomita chache mashariki ya mji. Kutoka Unguja ni kama nusu saa angani, na ziko pia ndege ndogo za Tanga. Ndege hizi kwa kawaida huruhusu kilo 15 kwa mtu, basi sanduku moja gumu la wawili halifai, bebeni mifuko miwili laini. Magari mengi ya kukodi nayo yako Chake. Hata mkishuka Mkoani, gari aghalabu litatoka Chake kuwafuata, na gharama ya safari hiyo mtalipa nyinyi msipoiuliza mapema.

Wete inadai mipango zaidi. Kufika si tabu. Tabu ni siku ya kuondoka. Boti ikiondoka Mkoani asubuhi na nyinyi mmelala Wete, mna kilomita 60 za kona, magari ya abiria yanayosimama ghafla, na saa ya kuripoti bandarini. Hesabuni saa mbili kamili, na mtaanza safari kabla hakujapambazuka vizuri. Ndiyo maana tunashauri usiku wa mwisho usiwe Wete kwa wanaopanda boti, hata kama siku nyingine zote mmelala huko.

Neno kuhusu bahari yenyewe. Kati ya Nungwi na Pemba pana mkondo, na upepo wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, huinua mawimbi ya kutapisha. Dawa ya kichefuchefu inywewe kama saa moja kabla ya kuondoka, si baada ya kuanza kutapika, na mkae chini katikati ya chombo ambako mtikisiko ni mdogo. Mkondo huo ndiko ilikozama MV Spice Islander Septemba 2011 ikiwa njiani kwenda Pemba, imepakia watu kupita kiasi. Kateni tiketi kwa majina yenu kamili, na mkiona chombo kimefurika, rudini. Mtapata boti nyingine.

Vilima na gari

Hapa tukae kidogo, maana safari nyingi za Pemba huharibikia kwenye gari.

Mkoani ndiyo yenye mteremko mkali zaidi kati ya mitatu: mji unaanza gatini na kupanda moja kwa moja, na majumba ya maendeleo, yaani maghorofa ya makazi, yakiwa juu. Chake ina mtaa mkuu mwembamba uliobanwa na maduka, wenye malori ya kushusha mizigo na watu wanaovuka bila kutazama. Tatizo lake ni msongamano wa asubuhi na nafasi ya kupaki. Wete ni mpole kuliko yote. Barabara yake kuu ni ndefu, ina miti, na inashuka taratibu mpaka bandarini.

Gari dogo la injini ya cc 1300 hadi 1500 linatosha kwa lami yote ya kisiwa. Gari lililonyanyuka linahitajika kwa njia za udongo: kuingia Kidike kwenye popo, magofu ya Pujini baada ya mvua, na njia ya kupita msitu wa Ngezi kuelekea ufukwe wa Vumawimbi. Udongo mwekundu wa Pemba ukiloa hujaza meno ya tairi na kuyafanya laini kama kigae. Hapo gari halishiki, hata dereva awe hodari vipi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, gari la magurudumu manne ndilo la kukodi, au mwache njia hizo kabisa.

Kwenye mteremko mrefu msikanyage breki mfululizo. Breki zikipata moto sana, mafuta yake huchemka, na pedali inazama bila gari kupungua mwendo. Teremkeni kwa gia ya pili. Gari la otomatiki tieni 2, S au L kabla ya mteremko kuanza, injini ilishike gari, na breki iguswe kwa vipindi. Mkipaki kilimani Mkoani, vuteni hendibreki kwanza, kisha ndipo mtie P au gia, geuzeni magurudumu ya mbele yaelekee ukingo, na jiwe nyuma ya tairi si aibu. Ukitia P kabla ya hendibreki, uzito wote wa gari unaning'inia kwenye gia, na asubuhi itakataa kutoka.

Kabla ya kulichukua gari la kukodi, lizungukeni na mwenyewe mkilirekodi kwa simu: kila mkwaruzo, kioo, taa. Fungueni buti. Spea tairi liwe na upepo (libonyezeni kwa mguu, lisizame), jeki iwepo, na spana ya magurudumu iwe ya gari hilo, kwa sababu mara nyingi spana iliyomo ni ya gari jingine na hugundui hilo mpaka upate pancha. Bima isiwe imepita tarehe, maana askari wa barabarani wataiangalia. Kubalianeni kwa maandishi nani analipa pancha, gari lirudi na mafuta kiasi gani, na kama lina ruhusa ya kwenda hadi Kigomasha, ncha ya kaskazini ya kisiwa. Wenye leseni za nje ya Tanzania waulize kibali cha kuendesha Zanzibar siku hiyo hiyo, wasingoje kusimamishwa.

Mafuta si mengi. Kutoka Mkoani hadi ncha ya kaskazini, Kigomasha, ni kama kilomita 90. Kwenda, kurudi na kuchepuka huku na huku ni kama 250. Gari dogo kwenye vilima hivi huenda kilomita 11 hadi 12 kwa lita, basi lita 22 hivi zinamaliza safari nzima. Bei kikomo hutangazwa kila mwezi na ZURA, mamlaka ya Zanzibar inayodhibiti huduma za maji na nishati, hivyo hakuna haja ya kuhangaika kutafuta kituo cha rahisi. Haja ni kujaza Chake au Wete kabla ya kuelekea Konde, mji mdogo wa kaskazini, kwani mbele ya hapo mafuta huuzwa kwenye chupa, na mafuta ya chupa huweza kuwa na maji.

Je, na dereva au bila? Dereva wa Pemba anajua kona zote, anajua mzee wa kuulizwa Pujini, na atawaokolea nusu ya muda. Lakini ni mtu wa tatu kwenye kila chai. Wanaotaka mazungumzo yao wenyewe wajiendeshe Chake hadi Wete, ambako njia ni rahisi, na wamchukue dereva siku moja tu, ya Ngezi na Kigomasha.

Bahari

Wengi huvunjika moyo hapa, basi tuseme wazi: hakuna hata mmoja kati ya miji hii wenye ufukwe wa mchanga wa kuogelea. Pwani ya magharibi ya Pemba imekatwa na hori ndefu zenye mikoko na tope. Bahari ya mjini ni ya kutazama kutoka juu.

Kwa kutazama, Mkoani ni ya kwanza. Inaelekea magharibi wazi, kisiwa cha Makoongwe kiko mbele, na jua linazama juu ya Mkondo wa Pemba huku ngalawa zikirudi. Wete ina ghuba yenye visiwa, Fundo kikiwa nje upande wa magharibi, na machweo yake ni ya maji yaliyotulia. Chake iko juu ya hori, na maji yakipwa kinachobaki ni tope na mikoko. Ni nzuri kwa apendaye ndege wa pwani, ila si picha mnayoiwazia mkiwa nyumbani.

Kwa kuogelea, Chake inapanda. Upande wa mashariki, Vitongoji, ni mwendo mfupi wa gari na ina vijighuba vya mchanga. Upande wa magharibi, bandari ndogo ya Wesha ndiko boti za kisiwa cha Misali zinakoondokea. Misali haina maji ya kunywa wala hoteli na kulala hakuruhusiwi. Iko ndani ya hifadhi ya bahari na mnalipa kiingilio. Bebeni maji lita tatu kwa mtu, chakula, na mfuko wa kurudisha taka. Mkoani ina fukwe za upande wa Wambaa, pamoja na safari za boti kwenda Makoongwe, au kutoka Chokocho kwenda Kisiwa Panza. Wete ndiyo njia ya Vumawimbi, ufukwe mweupe mrefu upande wa mashariki wa rasi ya kaskazini, ambao siku za kazi huenda mkaukuta na wavuvi wachache tu. Ni mbali kidogo, kama saa moja kutoka mjini, na hakuna duka.

Popote mtakapochagua, tazameni mwezi kabla ya kupanga. Mwezi ukiandama au ukipevuka ni bamvu: tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, maji hupwa kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi jioni. Siku hizo kwenda Vitongoji asubuhi ni kwenda kutazama miamba na mwani, nendeni alasiri. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti ni ndogo, na maji hujaa mnamo saa nne asubuhi. Kati ya hapo, kila siku saa ya maji husogea mbele kama dakika 50. Safari ya Misali msipange kwa saa ya ukutani. Mpigieni nahodha, mwambieni tarehe, na yeye awape saa ya kuondoka na ya kurudi. Nahodha anayekubali saa yoyote mtakayomtajia bila kuuliza maji yakoje, mwacheni.

Matembezi ya karibu

Wete ndiyo tajiri hapa. Ng'ambo ya maji kuna Mtambwe Mkuu, mji wa kale ambako mwaka 1984 ilipatikana hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000. Mnavuka kwa mtumbwi kutoka bandarini, na magofu yenyewe ni machache, kwa hiyo mwendeeni kivuko na historia yake. Kaskazini, kama kilomita 20, uko msitu wa Ngezi, takriban hekta 1,440, wenye mivule mirefu na mpapindi, mnazi-pori unaoota kwa asili Pemba. Lipeni getini na mchukue muongozaji, matembezi mafupi ni kama saa moja. Mbele yake ni Vumawimbi na mnara wa taa wa Ras Kigomasha. Kurudi mnaweza kupitia diko la Tumbe samaki wakiingia.

Popo wa Pemba, ambao mabawa yao yakinyooka hufika kama mita 1.6, wako Kidike, kati ya Chake na Wete. Wazuri kuonekana ni alasiri, wakiwa wananing'inia na kugombania matawi, na wakati wa magharibi huruka kwenda kula. Hapa ule usiku tuliousema mwanzo unahesabika: kutoka Kidike kwenda Wete au Chake ni mwendo mfupi, lakini aliyelala Mkoani itambidi aondoke popo hawajaruka au aendeshe gizani.

Chake ina vitu vya saa moja moja, vizuri kwa siku ya mvua. Makumbusho yapo ndani ya mabaki ya ngome ya zamani. Kiwanda cha mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kiko Wawi, harufu yake mtaipata kabla ya kuliona geti. Magofu ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani, yako Pujini, kama kilomita 10 kusini-mashariki. Magofu ya Ras Mkumbuu ni afadhali yafikiwe kwa boti, yaunganishwe na Misali siku moja.

Mkoani kwa upande huu ni ya wapole wa roho: njia ya Mtambile hadi Kengeja, vijiji vya wavuvi, mashamba. Ni ya kuendesha taratibu, na vya kuweka kwenye orodha ni vichache.

Kuanzia Julai hivi hadi mwanzo wa mwaka ni msimu wa karafuu, na hapo kisiwa kizima ni kizuri kwa kupita tu. Karafuu huanikwa kwenye majamvi mbele ya nyumba na hata ukingoni mwa barabara. Usipaki juu ya jamvi wala usilipite na tairi, hiyo ni mshahara wa mtu. Na msinunue karafuu kwa kilo njiani kupeleka nyumbani: ununuzi wake uko mikononi mwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na mizigo hukaguliwa bandarini.

Chakula cha usiku

Chake ina uhakika zaidi. Jioni mtaa wake unapata mishkaki, pweza, chipsi, maandazi na chai ya maziwa, na mikahawa kadhaa hufunguliwa mpaka baada ya isha. Wete ina soko zuri na halua inayosifiwa kisiwa kizima. Nunueni ya moto asubuhi, mkaile na kahawa chungu. Usiku vibanda vyake ni vichache na hufungwa mapema. Mkoani hutegemea boti: siku boti inapoingia chakula kipo, siku nyingine mtakula mlikolala.

Mkoani na Wete, agizeni chakula cha usiku kabla ya saa nane mchana. Mwenye nyumba hana friji lililojaa samaki. Anampeleka mtu dikoni, na diko likimalizika, limemalizika. Mkiagiza mapema mtapata changu wa kuchoma, pweza wa nazi, wali na mchuzi, chakula kizuri kuliko cha mkahawa wowote wa Chake. Mkiagiza saa moja usiku mtapata mayai. Mwezi wa Ramadhani mchana hakuna mkahawa na hakuna kula wala kunywa hadharani, hata ndani ya gari lililosimama. Futari ndiyo itawafidia.

Doriani, kwa wanaolipenda, liko kwa wingi msimu wake. Lile hapo hapo shambani. Likilala ndani ya gari lililofungwa, harufu itabaki kwenye viti na mwenye gari atawatoza usafi.

Kulala na faragha

Chake ina vyumba vingi zaidi na vya aina nyingi, ila ni mji wa kazi: pikipiki, adhana za misikiti iliyokaribiana, malori alfajiri. Mkoani ina nyumba chache, baadhi zikiwa na baraza inayotazama bahari, na kimya cha kutosha kusikia mashua zikitia nanga. Wete ni katikati, vyumba vichache, mitaa imetulia, wenyeji wanawasalimia kwa jina siku ya pili. Wenye mfuko mpana wana hoteli za ufukweni nje ya miji: Fundu Lagoon, inayofikiwa kwa boti kutoka Mkoani, na The Manta Resort kule Kigomasha, njia ya Wete.

Wakati wa kuweka chumba ulizeni vitu vitatu: jenereta linafika chumbani au mapokezi tu, maji ya bomba au ya tangi, na chandarua kizima. Umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, na ukikatika usiku wa kaskazi, chumba kisicho na feni hakilaliki.

Mke na mume wa Kitanzania wabebe nakala ya cheti cha ndoa, au picha yake kwenye simu. Nyumba nyingi ndogo huuliza, na anayeuliza hana nia mbaya, anaijua nyumba yake na majirani zake. Mikono kushikana mjini si jambo la Pemba, na hili ni sawa katika miji yote mitatu. Faragha mtaipata barazani, boti ikiwa yenu wawili, au Vumawimbi. Kanga mbili za ziada garini zinafaa kwa kila kitu: kujifunika, kukalia, kufunika kioo cha mbele jua likiwa kali.

Huduma za lazima

Mabenki na mashine za kutolea pesa yamejaa Chake, toeni hapo za kutosha siku zote, kwani nyumba nyingi za wageni hupokea taslimu au pesa za simu tu. Hospitali zipo katika miji yote mitatu, na ya Abdalla Mzee iliyopo Mkoani ilijengwa upya na kufunguliwa 2016. Mafundi wa pancha wako kila mji, lakini spea na fundi wa gia au umeme wa gari wako Chake. Gari likianza kutoa mlio kaskazini, rudini nalo Chake mchana, msingoje limalizike.

Asiye na gari naye hajakwama: daladala za 603 huenda Chake na Mkoani, 606 Chake na Wete, 602 Chake na Konde. Zinakoma mapema jioni.

Kwa hali yenu

Mkiwa na usiku mmoja au miwili tu, na mnakuja kwa boti, laleni Mkoani. Nusu ya muda wenu isiliwe na barabara. Siku ya kati nendeni Chake na Pujini, mrudi kabla ya magharibi mkae barazani.

Mkija kwa ndege, au mmoja wenu hajazoea kuendesha, au mna mashaka na afya, Chake. Mtaipoteza mandhari ya jioni na kupata kila kitu kingine dakika kumi kutoka mlangoni. Na kama shauku yenu kubwa ni Misali, hapo hakuna haja ya kufikiri sana.

Mkiwa na usiku mitatu au zaidi na mnapenda msitu, popo, magofu na ufukwe usio na mtu, Wete. Wekeni siku nzima kwa Ngezi na Vumawimbi, mtoke mjini saa moja asubuhi, na muwe mmeshalipita geti la msitu kurudi kufikia saa kumi.

Mkiwa na usiku minne au mitano, msichague mji mmoja. Anzeni Wete mara tu mkishuka chomboni, wakati bado mna nguvu za barabara, usiku miwili au mitatu. Usiku mmoja Chake kwa ajili ya Misali, mkichagua siku ambayo maji yanawafaa. Wa mwisho Mkoani, gari likabidhiwe jioni hiyo hiyo, ili asubuhi mshuke kilima kwa miguu na mifuko yenu mpaka gatini.

Mkija masika kwa sababu likizo haikupatikana wakati mwingine, laleni Chake siku zote, mbaki kwenye lami, na Vumawimbi muiache mpaka Julai.